Tepe Mbili za Koplo

Yule koplo alikula matumbo hotelini kwangu kila siku ya korti, na katika kula hakuwa na aibu hata kidogo. Aliagiza ugali mkubwa, akaumaliza, kisha akaita supu ya nyongeza kana kwamba supu huchotwa mtoni. Alipounyoosha mkono kufikia kikopo cha chumvi, tepe mbili zilizoshonwa kwenye shati lake zilipita chini ya pua yangu. Tepe mbili ni koplo. Hilo analijua kila mtu aliyewahi kusimamishwa barabarani na polisi. Lakini pale kortini hapakuwa na mtu hata mmoja aliyemwita koplo. Tulimwita Inspekta.

Ndivyo tulivyo. Kwetu kumwita mtu kwa cheo chake halisi ni kama kumtukana. Anayedunga ng'ombe sindano ni daktari. Aliyeunganisha waya wa redio ikalia ni injinia. Naibu wa chifu ni chifu, na chifu mwenyewe sijui tungemwita nani, labda Mtukufu. Ukiwa na shida na mtu, unamwongezea cheo kidogo na shida inapungua. Kwa hivyo huyu polisi wa tepe mbili, ambaye kila wiki alisimama kortini upande wa serikali akiwauliza watu maswali, tulimpandisha kwa midomo yetu hadi akawa mtu wa nyota za begani, naye akapanda bila kusukumwa. Hakimu alimwita Inspekta. Karani alimwita Inspekta. Washtakiwa walimwita Inspekta, hata wale aliokuwa akiwatafutia kifungo. Mimi nilimwita hivyo nikimwekea nyama.

Korti yenyewe sitaitaja, wenyewe wanajijua. Ilikuwa katika kituo kidogo cha biashara upande wa Kitale, nyumba ndefu ya mabati yenye bendera mbele, na hoteli yangu ilikuwa nyuma yake, meza chache za mbao na jiko la nje. Miaka ile ya elfu mbili na kitu nilikuwa nimeachana na mume, nimeachana na vibarua vya kupalilia mashamba ya watu, na nilijiona nimefika. Niliwalisha mawakili, mashahidi, polisi, na wezi siku walipoachiliwa. Ukiwalisha watu muda mrefu unawajua kuliko wanavyotaka kujulikana. Niliona hakimu akikwaruza ukoko wa sufuria. Niliona wakili aliyemfokea shahidi asubuhi akimwomba shahidi huyo huyo njiti ya kuchokolea meno mchana. Sikuona sababu ya kumwogopa yeyote kati yao, na hilo lilikuwa kosa, maana mtu wa kudharauliwa anaweza bado kukuua.

Ndugu yangu mdogo alikuwa Kachibora, akipakia magunia ya mahindi kwenye malori. Alikuwa na mgongo wa ng'ombe dume na maneno machache. Alifanya kazi zaidi kwa mfanyabiashara mmoja wa mahindi, mtu mwembamba mwenye koti la ngozi, hadi siku gunia lilipopasuka mahindi yakamwagika kwenye matope. Mfanyabiashara alimtukana mbele ya watu. Ndugu yangu akamwambia, mbele ya watu hao hao, kwamba siku moja atajuta. Maneno kama hayo husemwa sokoni kila saa na wanaoyasema hurudi kunywa chai pamoja. Yeye hakurudi. Alienda kupakia kwa tajiri mwingine.

Baadaye kidogo, usiku, watu wenye mapanga walivunja mlango wa yule mfanyabiashara, wakampiga kichwani kwa ubapa wa panga, wakachukua redio, godoro na koti la ngozi. Asubuhi akawaambia polisi kwamba mmoja amemtambua. Amemtambua kwa mwanga wa tochi. Ni yule mpakiaji wa magunia aliyemtishia.

Tochi ya nani? Hilo swali halikuulizwa siku zote za kesi. Tochi ilikuwa mkononi mwa mwizi, imeelekezwa usoni mwa mfanyabiashara. Jaribu nyumbani kwako. Zima taa, mwambie mtu akumulike machoni, kisha useme anafanana na nani. Lakini hakimu aliandika tochi, koplo akarudia tochi, na mfanyabiashara, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe, akasema tochi kwa sauti ya kanisani, na wote watatu wakatosheka.

Ndugu yangu hakuwa na wakili. Aliulizwa usiku ule alikuwa wapi, akasema alikuwa amelala kwenye chumba chake cha kupanga. Akaulizwa shahidi wake ni nani. Angemleta nani, blanketi? Alipopewa nafasi ya kumuuliza mfanyabiashara, alisimama kizimbani akijikuna shingo, kisha akasema, "Wewe si unanichukia tu juu ya ile gunia?"

"Hiyo si swali," hakimu akasema. "Ingine."

Hakuwa na lingine. Koplo alicheka kwa pua.

Mchana ule koplo alikuja kwangu kama kawaida. Alijua fika mimi ni nani, maana asubuhi alinikuta nimekaa na mama kwenye benchi la mbele. Akavuta kiti, akanitazama kwa huruma ya bei rahisi.

"Mama, pole. Lakini kazi ni kazi, bana. Leo iko nini?"

"Matumbo, Inspekta."

"Weka. Na uongeze supu."

Niliweka. Nilitaka kumwagia kichwani, lakini ndugu yangu alikuwa bado kwenye seli ya korti na mwenye kuamua kama angepata chai ya jioni ni huyu huyu aliyekuwa akipuliza kijiko. Basi akala, akafuta mdomo kwa kiganja, akarudi kortini kumtafutia ndugu yangu kitanzi.

Hukumu ilisomwa haraka, kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya mbolea. Kosa la wizi wa kutumia nguvu lilikuwa na adhabu moja tu, nayo ni kunyongwa. Hakimu aliisoma kwa Kiingereza, karani akaitafsiri akiwa ameangalia viatu vyake. Watu walijua kitanzi cha serikali hakijatumika miaka mingi, na baadaye kila mtu alinifariji kwa hilo, kana kwamba ni habari njema kumfungia mtu chumbani akingoja kifo ambacho labda hakitakuja. Mama alitoka nje akakaa kwenye nyasi, akavua viatu. Hakulia. Aliniuliza kwa lugha yetu kama wamesema kweli, nikamwambia wamesema hivyo.

Ndugu yangu alipelekwa gereza kubwa, mbali na kwetu. Nilipomtembelea mara ya kwanza nilimwona amekonda na amejifunza kuongea. Labda kukaa na watu waliohukumiwa kufa kunamfungua mtu mdomo. Askari alisimama karibu akisikiliza kila neno, na ndugu yangu hakumjali.

"Dada," akaniambia, "wakitaka waninyonge, wakitaka waniache nizeekee hapa. Lakini kuwe na mtu mmoja mkubwa aseme mimi sikuwa huko. Hiyo tu. Mama asikie ikisemwa."

Nilimwahidi kwamba itasemwa. Kwa nini nisiahidi? Nilikuwa na hakika naye kama ninavyojua mkono wangu, na nilidhani rufaa ni mahali ambapo watu wenye akili husahihisha kazi ya wajinga. Niliwaza majaji wakisoma yale maneno ya tochi na kucheka kwa sauti.

Wakili tulimpata Kitale. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la dawa za mifugo na chumba chote kilinuka dawa ya kupe. Alikuwa kijana mwenye tumbo la mzee, na suti yake ilikuwa imeng'aa viwiko kwa kuegemea meza za watu. Ng'ombe wa maziwa wa mama aliishia kwake, na baada ya miezi mingi nilipokwenda kuuliza amefika wapi, nikagundua faili hajalifungua. Aliniambia ati anafikiria. Nikamuuliza anafikiria nini na hajasoma.

Siku hiyo nilikuwa nimebeba tochi kutoka nyumbani. Nilifunga mlango wake, nikavuta pazia, nikamulika yule wakili machoni.

"Kitambaa changu cha kichwa ni rangi gani?"

"Mama, zima hiyo kitu."

"Rangi gani?"

"Nyekundu."

Kilikuwa cha kijani kibichi. Alikuwa amekiona nilipoingia, amekikodolea macho wakati wote tulipokuwa tukibishana, na bado hakukijua. Nilifungua pazia ajionee mwenyewe. Basi akachukua kalamu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaonekana kama mtu aliyesomea kitu. Sababu ya kwanza ya rufaa akaandika tochi. Ya pili, giza. Ya tatu, ugomvi wa gunia. Aliziandika vizuri, sina budi kusema, na aliponisomea nilisikia raha ambayo sikuwa nimeisikia tangu kesi ianze. Nilimpelekea mama habari nyumbani kwetu Matulo, nikamwambia sasa mambo ya tochi yatasikilizwa na majaji.

Rufaa ilipangwa Bungoma, kwa sababu rufaa ya mtu wa kunyongwa husikilizwa na majaji wawili, na huko ndiko wawili walikopatikana. Tulienda mimi na mama, yeye amevaa gauni la kanisa. Korti ya Bungoma ilikuwa ya watu walioenda shule hasa. Mbao zimepakwa vanishi, maikrofoni mbovu, mawakili wameinamisha vichwa kila jaji anapopumua. Mmoja wa majaji alikuwa mzee mwenye miwani iliyoshuka hadi kwenye ncha ya pua. Mwingine alikuwa akiandika, na aliendelea kuandika hata pale ambapo hakuna mtu aliyekuwa akisema kitu. Ndugu yangu aliletwa katikati ya askari wa magereza. Aliangaza macho hadi akamwona mama, akamkazia macho hapo hapo.

Wakili wetu akasimama, akajivuta koti. "Waheshimiwa, sababu yetu ya kwanza inahusu tochi."

Nilimshika mama mkono.

Jaji mzee aliinua kidole. "Kabla ya tochi. Kule chini, mashtaka yaliendeshwa na nani?"

Wakili alitabasamu kwa lile swali jepesi. Yeye pia alikuwa amekula meza moja na yule mtu, kwangu, mara nyingi. "Ni Inspekta, Mheshimiwa."

"Soma ulichonacho hapo mbele yako."

Akasoma. Nilimwona shingo ikibadilika rangi. Kila siku ya kesi, juu ya kila ukurasa, hakimu yule yule aliyemwita mwenzake Inspekta kwa mdomo alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe Koplo. Hakuna aliyeficha kitu. Ilikuwa kwenye karatasi kama ilivyokuwa kwenye mkono wa shati, na mawakili, karani, hakimu na wote waliokula kwangu walikuwa wameitazama na kuona nyota.

Wakili wa serikali, msichana mwenye viatu vizuri, alikuwa tayari amesimama. Alisema serikali haipingi rufaa. Mambo haya yalisemwa kwa Kiingereza, na changu ni cha darasa la nane, lakini siku ile masikio yangu yalikuwa makali. Jaji mzee alieleza kwamba sheria hairuhusu polisi wa cheo cha chini ya inspekta kuendesha mashtaka. Sheria hiyo ilikuwepo tangu zamani, wameikalia tu. Kwa hivyo kesi yote ilikuwa batili, kama haikuwahi kuwepo. Je, ianze upya? Msichana wa serikali akasema mlalamishi, yule mfanyabiashara, alifariki kwa ugonjwa, shahidi mwingine hakuna. Basi haitaanza upya.

"Na kuhusu ushahidi," jaji akasema, "hatuna haja ya kuugusa."

Yule mwingine aliitikia kwa kichwa bila kuacha kuandika. Ilikwisha upesi kuliko ninavyopika chapati.

"Na tochi?" nikasema. Sikujua kwamba nimesimama. "Waheshimiwa, na tochi?"

Askari wa korti alinijia mbio. "Mama, kaa chini. Si mmeshinda?"

Karani alimgeukia ndugu yangu akamtafsiria maneno yote yale marefu kwa ufupi: "Umeachiliwa. Enda nyumbani." Ndugu yangu alibaki amesimama. Ilibidi asukumwe.

Sikuweza kuwalaumu majaji kwa lolote, na hilo ndilo lililonichoma. Hawakuonea mtu. Walisoma sheria wakaifuata, wakamtoa mtu kwenye mdomo wa kaburi, na kufikia wakati wa chai walikuwa kwenye faili nyingine. Mtu yeyote wa busara angepiga magoti kushukuru. Mimi niliwadharau. Niliwadharau kuliko hakimu, kuliko hata koplo, kwa sababu hao wa chini hawakuwa na uwezo wa kuona, lakini hawa walikuwa nao. Walikuwa na tochi mkononi, wakaamua kumulika mkono wa shati.

Nje, wakili wetu alikuwa ameshakuwa shujaa. Alishikwa mikono na wenzake. Alikuwa kwenye simu akimwambia mtu, "Tumewamaliza asubuhi asubuhi." Nikamngoja amalize.

"Wewe ulijua habari ya koplo?"

"Mama, si kijana ametoka? Sasa unataka nini ingine?"

Nilimwambia ninachotaka, kwa maneno ambayo mama, na gauni lake la kanisa, alijifanya hakuyasikia.

Walipomtoa tulimpeleka kula. Tuliingia hoteli moja karibu na msikiti, ya mzee wa Kiislamu ambaye alimtazama ndugu yangu mara moja tu, ndala za plastiki na nywele zilizonyolewa vibaya, akaelewa ametoka wapi. Hakuuliza. Alileta pilau, sahani imejaa hadi pembeni, na ya mama akaiwekea nyama laini. Nilijaribu kutafuta kasoro, kama mwenye hoteli ninavyofanya kila mahali, na kitu pekee nilichopata ni kwamba chai ilikuwa na tangawizi nyingi. Ndugu yangu alikula akiwa ameizungushia sahani mkono wa kushoto kama mtu atakayenyang'anywa.

Alipofika katikati akaacha. "Dada, wamesema sikufanya?"

"Wamesema kesi yote ilikuwa batili."

"Hiyo ndio kusema sikufanya?"

Mama alikuwa anatutazama, mmoja baada ya mwingine.

"Ndiyo," nikasema. "Ndiyo hiyo hiyo. Kula."

Alikula, lakini hakuniamini. Sikuwahi kuwa mwongo hodari.

Matulo walitupokea kwa nyimbo. Akina mama wa kanisa walikuja na vitambaa vyao vya kichwa vya sare, jirani akaleta viti, mtu akachinja kuku, mwingine akachinja mwingine. Ungedhani tumetoka kupokea digrii. Mchungaji, mtu mnene ambaye miaka yote ile hakuwahi kukanyaga gerezani kumwombea, alisimama uani, akamwekea ndugu yangu mkono kichwani, akaanza kuomba kwa sauti kubwa.

"Bwana, wewe ndiwe ulimsamehe mwizi pale msalabani. Leo umemsamehe na huyu."

"Amina!" uani kote.

Nilifumbua macho. Ndugu yangu alikuwa ameyafumbua zamani.

Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, alinivuta kando nyuma ya ghala. Alikuwa na furaha ya kweli, na hilo lilinitia hasira zaidi.

"Msichana yangu, wewe una akili sana. Huyo koplo ulimpea nini?"

"Nimpe nini, baba?"

"Si alikuwa anakula kwako kila siku? Ukaona hiyo tepe, ukanyamaza kwanza. Ukawangojea huko juu kwa lufaa." Akacheka akinipiga bega. "Mimi ningesema haraka, wangeleta inspekta ingine wamfunge vizuri."

Nilimwambia hakuna mtu aliyepewa kitu wala hakuna aliyengojewa. Akanikonyeza. Kufikia saa ya chakula niliona wengine wakinitazama kwa heshima mpya, ile heshima wanayopewa wenye duka wanaojua kupunguza kilo bila mtu kuona. Kichwani mwao mambo yalikuwa yamekaa sawa. Kijana aliiba, dada akapanga, wakubwa wakala, kijana akatoka. Hakuna aliyekasirika. Wengine walitusifu. Niliona kwamba ningeweza kusimama juu ya kiti nikapiga kelele hadi sauti ikauke, na wangesema tu mama huyu ni mjanja hadi mwisho.

Ndugu yangu alitoka kwenda barabarani kununua sigara, tabia ya gerezani. Nilikuwa nikimwangalia kutoka uani. Vijana wa boda boda za baiskeli walikuwa wamekaa juu ya viti vya abiria.

"Niaje, Koplo!" mmoja akamwita.

Wenzake wakacheka. Hawakuwa na ubaya, walimpa mkono, mmoja akampa sigara bure. Kuanzia siku ile Matulo ilimwita hivyo. Yule polisi mlafi, kwa miaka yote, tulimpandisha cheo hadi akasahau chake. Ndugu yangu walimshusha akawa koplo, na kila aliyelitamka jina hilo alikuwa anasema bila kusema kwamba huyu hakuwa msafi, alibahatika tu.

Jioni wageni waliondoka wakiwa wameshiba. Tulibaki watatu jikoni kwa mama, mimi, yeye na ndugu yangu, mlango uko wazi na mwanga ungali unaingia. Mama alikuwa ameficha kuku mmoja asiguswe na wageni. Alipakua mwenyewe. Firigisi, ambayo nyumbani kwetu ni ya mwanamume mkuu wa nyumba, na ambayo baba mdogo alikuwa ameitafuta kwa macho mchana kutwa, aliiweka kwenye sahani ya ndugu yangu, juu kabisa, palipoonekana. Tangu baba afe sikuwa nimemwona akimpa mtu firigisi. Ndugu yangu aliitazama, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza siku ile kuona uso wake ukilegea.

Mama alikaa kwenye kigoda mbele yake, mikono kwenye magoti.

"Baba," akamwambia, kama alivyozoea kumwita tangu utotoni, maana ndiye aliyepewa jina la babu yetu. "Watu wameenda. Hapa ni sisi tu. Niambie mama yako. Ile usiku ya Kachibora, ulikuwa huko?"

Ndugu yangu aliinua macho kutoka kwenye firigisi. "Mama, si korti kubwa imeniachilia?"

"Korti ilisema mambo ya koplo," mama akasema polepole, bila ukali wowote. "Mimi sijakuuliza mambo ya koplo. Hata ukisema ulikuwa, wewe ni mtoto wangu. Mimi nataka tu kujua nalala na nini."

Hapo ndipo nilipopaswa kufoka. Mdomo wangu, ambao ulikuwa umemtosha wakili na majaji wawili, ulikuwa na kazi moja tu iliyobaki, kumwambia mama anyamaze, mtoto huyu hakufanya, mimi ninajua. Nilifungua mdomo. Halafu nikaona kwamba ninachojua ni mambo ya tochi tu. Ninajua mfanyabiashara hakuweza kuona. Ni nani alikuwa nyuma ya ile tochi, sikuwahi kuambiwa na mtu yeyote, na sikuwahi kuuliza. Nikafunga mdomo. Nikamwangalia ndugu yangu, nikingoja, kama mama, nisikie atasema nini.

Alimtazama mama, kisha akanigeukia mimi anitetee. Akaniona ninangoja.

Alivuta bakuli la maji akanawa mikono, ingawa chakula hakuwa amekigusa. Akasema, "Sikuwa," kwa sauti ya chini, si kwetu, kwa yale maji. Akatoka.

Mama aliifunika sahani na sahani nyingine, akaiweka juu ya kabati, na ikakaa hapo hadi nilipomtupia mbwa kile chakula.

Sasa yuko Suam, anapakia malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda, ana mke na watoto, na nasikia huko hakuna anayemwita Koplo. Humpigia mama simu kila Jumapili baada ya kanisa. Mimi hajawahi kunipigia.